Visiwa vya Karafuu: Nchi ya Zanzibar, Mali Yake na Serikali Yake

Mwanamke wa Kambi Muru, kule Kibera, apikapo pilau, hutia chunguni punje chache za karafuu alizonunua dukani kwa kipimo kidogo. Jirani yake wa Kawangware hufanya vivyo hivyo, na mzee anayeumwa na jino hutafuna punje moja ili apate nafuu. Ni wachache miongoni mwao wanaojiuliza kitu hicho kidogo chenye harufu kali kimetoka wapi, na ni nani aliyekwea mti ili kukichuma. Duniani pana nchi chache ambazo maisha ya watu wake yamefungamana na punje hiyo kama Zanzibar. Hapa chini yaelezwa umbo la nchi hiyo, mali yake na serikali yake, na jinsi watu wa visiwani wanavyopata taabu nchi yao inapotegemea kitu kimoja tu.

UMBO LA NCHI

Zanzibar si kisiwa kimoja, kama wadhanivyo watu wengi wa bara. Ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo vingi vilivyo kando yake, kama vile Tumbatu, Uzi na Kojani. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa maili 53 hivi, na upana wa maili 24 mahali kilipo kipana kabisa. Eneo lake ni kama maili 640 za mraba. Pemba, kilicho upande wa kaskazini, kina urefu wa maili 42 hivi na eneo la kama maili 380 za mraba. Visiwa hivyo viwili vikiwekwa pamoja, ukubwa wake haufiki mara nne ya ukubwa wa Kaunti ya Nairobi.

Kutoka Unguja mpaka pwani ya bara, mahali palipo karibu zaidi, ni mwendo wa maili 22 hivi. Bahari iliyo kati ya Unguja na bara haina kina kirefu, lakini ile iliyo kati ya Pemba na bara ni kilindi kikubwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa ardhi husema kwamba Pemba kilitengana na bara zamani sana, kabla ya Unguja.

Visiwa hivi havina milima. Vilima vyake virefu havizidi futi mia chache. Katika Unguja, upande wa magharibi una udongo mzuri wenye rutuba, na huko ndiko iliko minazi, mikarafuu na miti ya matunda. Upande wa mashariki na kusini ni nchi ya mawe ya matumbawe, ambayo wenyeji huiita uwanda. Huko udongo ni haba, na mkulima hulima penye vishimo vya udongo kati ya mawe. Pemba ni nchi ya vilima vidogo na mabonde. Mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja, na mpunga hulimwa mabondeni. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, na msafiri akifikapo leo huona kwamba jina hilo lilikistahili.

Pepo mbili ndizo zinazotawala mwaka. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huvuma katikati ya mwaka. Kwa karne nyingi pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha kwao. Mvua kubwa ya masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na ile ya vuli hunyesha mwisho wa mwaka.

WATU WAKE

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Zanzibar ilionekana kuwa na watu 1,889,773. Idadi hiyo haifiki nusu ya watu wa Nairobi waliohesabiwa mwaka 2019. Zaidi ya theluthi mbili hukaa Unguja, na wengi wao wamo mjini na katika viunga vyake. Mji wenyewe una sehemu mbili zijulikanazo tangu zamani: Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, ambao mwaka 2000 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na Ng'ambo, walikokaa watu wa kazi. Miji mikubwa ya Pemba ni Wete, Chake Chake na Mkoani.

Karibu watu wote ni Waislamu, na lugha yao ni Kiswahili. Msomaji wa Kenya ana deni kwao katika jambo hilo, kwa maana lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa katika miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kinachofundishwa shuleni Afrika Mashariki yote.

KARAFUU ILIVYOFIKA

Mkarafuu si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Wafaransa waliupeleka Mauritius katika karne ya 18, na kutoka visiwa vya upande huo miche yake ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Said bin Sultan wa Omani, aliyehamishia makao yake Unguja, aliona faida yake upesi. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka nchi za Ziwa Nyasa na za mashariki ya Kongo. Jambo hilo halifai kusahauliwa itajwapo sifa ya karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe haikukoma kisheria mpaka mwaka 1897.

Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, tufani kuu iliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya karafuu zilizouzwa duniani ilitoka katika visiwa hivi viwili vidogo.

Mfano wa jambo hili waonekana pia mbali sana, katika bahari ya Karibi, karibu na Amerika ya Kusini. Huko kuna nchi ya visiwa iitwayo Grenada, ambayo ni ndogo kuliko Pemba, na ambayo ilipata uhuru wake kwa Waingereza mwaka 1974. Kama Zanzibar ilivyojulikana kwa karafuu, Grenada ilijulikana kwa kungumanga, hata picha ya tunda lake ikatiwa katika bendera ya taifa. Mwezi wa Septemba 2004 tufani iliyopewa jina la Ivan iliangusha mikungumanga mingi sana kwa siku moja. Mti huo, kama mkarafuu, hauzai upesi. Aupandaye hana budi kungoja miaka. Watu wa Grenada wakajifunza walivyojifunza watu wa Unguja mwaka 1872, kwamba nchi ya mti mmoja yaweza kufilisika kwa usiku mmoja.

KAZI YA KARAFUU

Karafuu si tunda wala mbegu, bali ni ua ambalo halijachanua. Likiachwa likafunguka, thamani yake hupotea. Kwa hiyo wachumaji hawana budi kufanya haraka msimu ufikapo. Mti huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi, nao waweza kuendelea kuzaa kwa muda wa maisha ya mtu mzima. Mchumaji huukwea, huvuta matawi na kukata vishada kwa mkono. Ni kazi ya hatari, kwa sababu matawi ya mkarafuu huvunjika upesi, na kila msimu wako watu waangukao.

Jioni vishada huchambuliwa nyumbani. Karafuu huwekwa upande mmoja na makonyo upande wa pili, na wake kwa waume, hata watoto, hushiriki kazi hiyo. Desturi ya tangu zamani ni kumlipa mchumaji kwa pishi. Kisha karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, mpaka zigeuke rangi kuwa hudhurungi na kukauka vizuri. Zikinyeshewa na mvua huharibika. Makonyo nayo hayatupwi, kwa kuwa hukamuliwa mafuta.

Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya mwaka wa neema huweza kufuata miaka miwili au mitatu ya mavuno haba. Mkulima asiye na kitu kingine shambani hula akiba yake, au hukopa.

BEI INAYOPANGWA MBALI

Taabu kubwa zaidi ni ya bei. Tangu Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipoundwa mwaka 1927, serikali zilizofuatana zimekuwa na mkono katika biashara hii. Tangu mwaka 1968 kazi ya kununua na kuuza karafuu zote imekuwa ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar.

Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Baadaye Indonesia ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 haikuhitaji tena kununua kwa wengine. Bei ya dunia, ambayo mwanzoni mwa miaka hiyo ilikuwa kubwa ajabu, ikaporomoka. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, tani moja ilikuwa haipati hata sehemu ya tano ya fedha iliyokuwa ikipata kwanza. Hakuna mkulima wa Wete aliyefanya kosa lolote. Mti wake ulikuwa ule ule na kazi yake ile ile, lakini mambo yaliyoamuliwa maelfu ya maili kutoka kwake yalimwondolea fedha ya ada, ya nguo na ya bati la nyumba.

Katika miaka ambayo bei ya Pemba ilikuwa chini sana, karafuu nyingine zilichukuliwa kwa mashua usiku hadi pwani ya Kenya, zikauzwe kwa bei nzuri zaidi. Serikali iliwapa wafanyao magendo adhabu kali. Lakini fundisho lilikuwa wazi: mkulima apewapo bei ndogo kuliko ile ya ng'ambo ya maji, bahari haimzuii. Tangu mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana bei anayolipwa mkulima, ili sehemu kubwa ya bei ya dunia imfikie mwenyewe, na hamu ya kupanda miche mipya ikarudi.

WATALII NA MWANI

Karafuu iliposhuka, watu wa visiwani walitafuta njia nyingine. Wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, walianza mwaka 1989 kulima mwani kwa biashara. Maji yakupwapo hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizokazwa kwa mambo, na baada ya majuma kadhaa huvuna, huanika na kuuza. Mwani hupelekwa ng'ambo kutengenezea vyakula, dawa na vitu vya kujipaka. Kwa wanawake wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe. Lakini bei yake ni ndogo, na joto la bahari likizidi, mwani wa aina ile yenye bei nzuri zaidi hufa.

Njia kubwa zaidi ni utalii. Mwaka 2019 wageni waliofika Zanzibar walizidi laki tano. Mwaka 2024 walizidi laki saba. Leo utalii hutoa zaidi ya robo ya pato lote la nchi, na sehemu iliyo kubwa kabisa ya fedha za kigeni. Vijana wa Unguja, na hata wengine kutoka Kenya na Tanzania bara, hupata kazi katika mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa.

Hata hivyo mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoenea duniani, ndege zilisimama na hesabu ya wageni ikapungua kwa nusu. Mahoteli yakafungwa, na mvuvi aliyezoea kuyauzia samaki akakosa mnunuzi. Wazee waliokumbuka habari za karafuu waliuona mchezo ule ule ukirudiwa kwa jina jingine.

Utegemezi huu hauko katika biashara peke yake. Mchele mwingi unaoliwa visiwani hutoka nje. Umeme wa Unguja hupitia katika waya uliotandikwa chini ya bahari kutoka bara. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ulikatika tena Desemba 2009, na safari hiyo giza lilidumu karibu miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na watu wakabeba ndoo kutafuta visima. Waya mpya wenye nguvu zaidi ulianza kazi mwaka 2013, na Pemba nayo ilikwisha kupata wake kutoka Tanga mwaka 2010.

SERIKALI YA ZANZIBAR

Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, ingawa Sultani alibaki katika kiti chake. Kwa Wakenya jambo hili si geni, kwa maana ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza wakautawala kwa mapatano ya mwaka 1895. Mambo hayo yalikoma mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru.

Zanzibar yenyewe ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yaliyomwaga damu nyingi yaliondoa utawala wa Sultani, na Abeid Amani Karume akawa Rais. Mashamba makubwa yalichukuliwa na Serikali, na jamaa nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika, na nchi mbili hizo zikafanya Jamhuri moja ambayo baadaye mwaka huo iliitwa Tanzania.

Katika Muungano huo, Zanzibar ina serikali yake kwa mambo ya nyumbani. Ina Rais wake, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria, Mahakama Kuu, na mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu. Tangu mwaka 2005 ina na bendera yake. Shule, hospitali, kilimo na barabara ni kazi ya serikali hiyo. Jeshi, polisi, fedha, uraia na mambo ya nchi za nje ni ya Serikali ya Muungano. Nchi imegawanywa katika mikoa mitano, mitatu ya Unguja na miwili ya Pemba. Na chini kabisa, katika kila shehia, yuko sheha ambaye mwananchi humwendea kwanza apatapo shida.

Siasa za visiwani zimekuwa na ugomvi mkali tangu vyama vingi viliporudi katika miaka ya 1990. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, na Wapemba zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, katika pwani ya Kenya, ambako walipokewa kama wakimbizi. Ili kuponya uhasama huo, wananchi walipiga kura mwezi wa Julai 2010, na kama theluthi mbili wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa mpango huo chama cha pili kwa kura hupewa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa wa kwanza kushika cheo hicho. Mpango haukumaliza magomvi yote: uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na kurudiwa Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikausus. Baada ya uchaguzi wa 2020, ambao Hussein Ali Mwinyi alitangazwa kuwa Rais, serikali ya umoja iliundwa tena.

FUNZO LA VISIWA

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Zanzibar haikutegemea cha ndugu. Ilitegemea jasho lake, lakini jasho hilo liliuzwa katika soko moja na kwa bei ya watu wengine. Nchi kubwa ikipatwa na ukame upande mmoja, huweza kuletewa chakula kutoka upande wa pili. Kisiwa hakina upande wa pili. Kikipigwa, hupigwa chote.

Kwa hiyo shauri la maana zaidi linalozungumzwa leo katika mabaraza ya Unguja na Pemba si kuacha karafuu wala kuwafukuza wageni. Shauri ni kupanda mpunga na mboga kando ya mikarafuu, kuziuzia hoteli samaki na matunda ya nchini badala ya yale yaletwayo kwa ndege, na kuutengeneza mwani kuwa sabuni hapo hapo kabla ya kuuza. Kila moja ya kazi hizo ni ndogo, lakini zikiwa nyingi ndizo zinazoifanya nyumba isimame hata nguzo moja ikivunjika.

Na mama wa Kambi Muru anayetia karafuu katika pilau yake ana sehemu yake katika habari hii. Yeye naye, kama jirani zake wengi, hupanga riziki yake kwa kazi zaidi ya moja, kwa maana anajua kwamba kazi moja ikikatika, watoto hawawezi kungoja mpaka ile nyingine ipatikane. Alijualo yeye kwa nyumba yake, ndilo ambalo visiwa vizima vimejifunza kwa gharama kubwa.